Kioo Kipana

Msusi alikwisha kwenda kwenye duka la Waya mara nyingi mno, hata Waya akaanza kumtania kwamba ataanza kumtoza pango. Kila akienda aliuliza bei, akapiga hesabu kichwani, kisha akaondoka amenywea. Alitaka kompyuta ya gemu, ya kwake mwenyewe, si ya kukodi kwa saa kwenye kibanda chenye joto ambako wavulana humwachia kiti shingo upande na kumwangalia kama kapotea njia. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye nywele za watu, na vyepesi zaidi kwenye kipanya. Mwisho akafunga mkaja: hakununua nguo wala viatu, na akiba ikaanza kuonekana ni akiba.

Siku hiyo alikwenda na baba yake, aliyeahidi kuongezea kilichopungua. Baba alikuwa dereva wa gari la mikate. Tangu mkewe afariki, yeye na bintiye waliishi wawili tu, chumba na sebule, na hapakuwa na jambo la mmoja lisilomhusu mwingine.

Waya, kijana mwembamba anayeuza vipuri vipya na mitumba, aliwapangia vitu mezani: prosesa, ramu, diski, kasha lenye feni mbili, na ile kadi ya picha ambayo Msusi alikuwa akiiota.

"Dada, mimi siuzi maneno," Waya alisema. "Ukichukua hii kadi, basi kitu kingine lazima kilie."

"Ilie pawa saplai, hiyo ya kugawa umeme. Nipe hiyo ya bei chee."

"Thubutu! Hiyo ikiungua haiungui peke yake. Inaondoka na ukoo mzima."

Baba akacheka sana. "Ni kama gari tu. Huwezi kuweka injini ya lori kwenye breki za baiskeli. Msikilize mwenzio."

Wakaanza kupunguza huku na kuongeza kule. Ramu ikapungua, kadi ikawa ya mtumba. Ilipofika zamu ya kioo, Waya akawaonyesha kimoja kipana, kilichotandaa mezani kama dirisha la basi. Kilikuwa na mkwaruzo pembeni, ndiyo maana bei yake ilishuka. Akakiwasha, akafungua gemu ya mashindano ya magari, akachomeka usukani mdogo wa plastiki.

"Mzee, karibu ujaribu."

"Nipisheni," baba alisema, akajivuta kwenye kiti. "Mimi nimeshika usukani huyu hajazaliwa."

Aliondoka vizuri. Kwenye njia iliyonyooka alikwenda kama maji. Halafu akagonga gari lililokuwa kushoto kwake. Akarudi barabarani, akagonga lingine, kushoto tena. Kisha akaparamia kibao, na gari likapinduka magurudumu juu. Waya alijishika mbavu. Msusi naye alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee, bonyeza hapo palipoandikwa Rudia," Waya alisema.

"Wapi?"

"Hapo kushoto. Pekundu."

Kitufe chenyewe kilikuwa kikubwa kama kiganja. Baba alisogeza kichwa kizima, taratibu, kama kuku anayetafuta punje, mpaka uso ukaelekea kabisa upande ule. "Aaa, hapa," akasema.

Msusi akaacha kucheka. Alisogea nyuma ya kiti, akainua mkono karibu na sikio la kushoto la baba yake, akaupeleka mbele polepole huku akichezesha vidole. Baba hakushtuka. Mkono ukapita shavu, ukakaribia pua, ndipo akaruka.

"Nini, kuna nzi?"

"Ndiyo, baba. Nzi."

Akamwambia Waya watarudi. Waya akashangaa, maana hela ilikuwa karibu kutoka mfukoni.

Njiani mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwake: kioo cha pembeni cha gari la mikate kilichovunjika, baba akasema geti la kiwanda ni jembamba, vikombe anavyovisukuma na kuviangusha, anavyopapasa ukuta akipita koridoni.

"Baba, jicho la kushoto linaona?"

"Linaona."

"Linaona nini?"

"Linaona binti asiye na adabu."

"Baba, sitanii."

Baba aliongeza mwendo. "Ni utu uzima tu. Isitoshe, barabara iko mbele, haiko pembeni."

"Watu wako pembeni, baba."

"Sasa nikiliacha gari tutakula nini? Na hiyo kompyuta yako je?"

"Usiisingizie kompyuta."

Wakafika nyumbani. Msusi aliwaza kwenda kwa mwenye kiwanda, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Mikate, amweleze kila kitu. Lakini angeanzaje? Amchongee baba yake mzazi, amtoe riziki mdomoni kwa ulimi wake mwenyewe? Na asiposema, siku moja mtu akalala chini ya yale magurudumu, atamtazama nani usoni? Alilala nusu usingizi. Alfajiri alimkuta baba akifunga viatu.

"Leo nakwenda na wewe."

"Panda," baba alisema kwa ukali. "Ukajionee mwenyewe."

Gari lilinukia mikate ya moto. Baba aliendesha kwa upole, akisalimia wenye maduka kwa honi fupi, akisimama pale pale anaposimama siku zote. Duka la kwanza, la pili, la tatu, hapakuwa na kasoro. Msusi akaanza kujiona mbaya. Labda kweli ni utu uzima tu. Labda ni ule usukani wa plastiki.

Kwenye njia panda baba akakata kushoto. Ukingoni mwa barabara mwanamke alikuwa akisukuma toroli lenye madumu ya maji, yuko wazi kabisa, na gari likamwendea bila hata kupunguza mwendo.

"Baba! Kushoto! Kushoto!"

Breki zikalia. Mikate ikamwagika nyuma. Bampa liligonga toroli, dumu likapasuka, maji yakatapakaa njiani. Mwanamke alianguka kitako, akainuka mara moja akijipangusa, mzima, amewaka hasira.

"Huoni? We kipofu?"

Ni tusi ambalo kila dereva hutupiwa, na baba alikuwa na majibu yake, mengine hayasemeki mbele ya mtoto. Siku hiyo hakujibu. Alishuka, akaliinua toroli, akasema, "Nisamehe, mama." Kisha akazima gari, akampigia simu Mama Mikate.

Mama Mikate alifika na dereva mwingine. Baba akamkabidhi ufunguo.

"Mgongo wangu umechoka," alisema. "Nitafutie kazi ya ndani."

Mama Mikate alimtazama, akalitazama toroli, akaitikia kwa kichwa. Msusi alitaka kusema si mgongo, kisha akaacha. Ufunguo umetoka mkononi, na hilo ndilo alilokuwa akilitaka.

Hospitali waliambiwa ni presha ya macho. Upande uliopotea haurudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Baba akahamishiwa kwenye kupakia mikate, na mshahara ukapungua. Dawa alitia, lakini kwa kununa, kama anayetumia dawa ya mtu mwingine. Kwa bintiye, aliishia kujibu salamu tu. Siku moja baba, akiwa na sahani mkononi, alisema, "Ungeniacha mimi nisiende pale dukani," akaingia ndani. Msusi alibaki na maji ya kuoshea vyombo mpaka yakapoa.

Akiba ikamegwa kwa ajili ya dawa. Iliyobaki akaipeleka kwa Waya, akaomba apunguziwe tena. Waya hakumtania.

"Acha kadi," alisema. "Chukua prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake, na kioo kidogo. Gemu nyepesi utacheza. Kadi utaiweka ukijaliwa."

Jumapili mchana Msusi alitandaza vipuri kwenye mkeka sebuleni, akaanza kufunga. Baba alipita, akarudi, akapita tena. Mwisho hakuweza kuvumilia.

"Hivyo ndivyo unavyoshika bisibisi? Utaua nyuzi za skrubu. Lete."

Akapiga magoti. Mikono yake ilijua kazi. Alitafuta tundu kwa ncha ya kidole, akafunga bila kukaza sana. Walifanya kazi pamoja, yeye akifunga, bintiye akimpa. Halafu skrubu moja ikamponyoka, ikabingirika kwenye mkeka upande wake wa kushoto. Msusi aliiona iliposimama. Hakuinyooshea mkono.

Baba alipapasa. Akageuza kichwa, akapapasa tena, vidole vikapita kando ya skrubu. Aliuacha mkono wake ukapumzika juu ya mkeka.

"Siioni," alisema. "Nitafutie wewe."