Visigino Ukutani

Muuguzi wa shule alivumilia chawa, matapishi na vilio, lakini mzazi mjuaji alimshinda. Na huyu wa leo alikuwa mjuaji wa kupindukia. Marashi yake yalitangulia kuingia, ikafuata suti, kisha yeye mwenyewe, na nyuma kabisa binti yake wa miaka minane, kimya.

"Sista, huyu amedumaa. Nataka sindano ya kumrefusha."

Sindano ya kurefusha! Kana kwamba mtoto ni pindo la suruali. Muuguzi alimeza cheko, akamwambia binti avue viatu.

"Apimwe navyo," baba akadakia. "Si ndivyo anavyotembelea?"

"Kiatu hakikui, baba."

Binti akasimama, visigino ukutani, macho mbele. Muuguzi akashusha kibao cha kipimo hadi kichwani. Tangu mwaka jana alikuwa amerefuka vizuri tu, uzito haukuwa na shida, na meno mapya ya mbele yalishajaa mdomoni. Hakuwa na ugonjwa wowote, ila huyo baba. Ndipo muuguzi alipoviona viganja vya binti: malengelenge matupu, mengine yamepasuka.

"Umefanya nini, mama?"

"Naning'inia kwenye bomba la juu ya mlango kila jioni, ili nirefuke. Nikiachia, baba ananiambia nianze upya."

"Mazoezi hayo," baba alisema kwa majivuno. "Mtu mfupi nani anamheshimu? Sitaki mwanangu achekwe."

Damu ilimchemka muuguzi. Alikwisha kuona wapumbavu wa kila aina, lakini huyu alikuwa amepigiwa pasi. Hata hivyo alimweleza: watoto wa umri huu hukua polepole, kila mmoja kwa mwendo wake, wape chakula, usingizi, michezo, na neno la kuwatia moyo. Bomba la mlangoni halimrefushi mtu. Baba akatazama saa yake.

"Haya," muuguzi akasema. "Mimi simwiti mtoto mfupi kabla sijampima mzazi wake. Vua viatu, usimame pale."

"Mimi? Mimi naumwa?"

"Vua tu, baba," binti akambembeleza. "Haiumi."

Akavua. Ndani ya kila kiatu mlikuwa na soli za ziada, zimepangwa moja juu ya nyingine. Suruali ikaburura sakafuni. Kibao kikashuka, kikazidi kushuka, na muuguzi akauma midomo asiangue kicheko.

Binti hakucheka. Alikitazama kibao, akamtazama baba yake, akamshika mkono kwa kile kiganja kilichochubuka.

"Usijali, baba. Leo jioni nitakupisha, uanze kuning'inia wewe."

Polepole baba akakigeuza kile kiganja, akakitazama, na shingo yake ikalegea.

Muuguzi hakumhurumia hata kidogo. Alimwacha palepale ukutani, pekupeku, akaenda kutafuta dawa ya malengelenge, wala hakuwa na haraka.