Mteja wa Siku Nyingi

Sisimizi, binti tuliyempa jina hilo kwa udogo wake, alikubali kwa sababu nilimwomba mbele ya mama yake. Nilihitaji msichana wa chini ya miaka kumi na minane aingie madukani aombe sigara, ili sisi wa halmashauri tujue nani anavunja sheria mpya ya kutowauzia watoto. Wifi yangu alifurahi kuliko sote. Sigara ndizo zilizommaliza mumewe, kaka yangu, na bado hatujaacha kumlilia. Alimnyoosha binti yake kola kama anayekwenda kwenye mtihani.

Mimi nilitangulia kuingia kila duka, nikijifanya nachagua sabuni, yeye akafuata. Duka la kwanza, muuzaji alimtania arudi akishaota ndevu. La pili, mama mmoja alitishia kumshika sikio mpaka kwao. Nikacheka kimoyomoyo. Sheria inafanya kazi.

Tulipokaribia duka la nyuma ya shule, akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia tumalize hili, turudi. Akasema hapo hawauzi, anajua. Nikadhani amechoka tu, nikaingia.

Alipofika kaunta hakusema neno. Muuzaji, kijana mcheshi, alimwona tu akatia mkono chini ya meza.

"Leo mapema, mdogo wangu. Mbili, kama kawaida?"

Akamwekea sigara mbili, na juu yake pipi ya mnanaa. "Ya kukata harufu. Usije ukanichongea kwa mama yako."

Sabuni ilinitoka mkononi. Nilipotoa kitambulisho, kijana akaanza kujitetea: huyu si mgeni, ni mteja wake wa siku nyingi, yeye alidhani anatumwa na mtu mzima. Kila alivyojitetea ndivyo alivyozidi kunimaliza.

Nje, tuliegemea ukuta. Nikamuuliza alianza lini.

"Baba alipozidiwa," akasema, macho chini. "Mikono ilikuwa inamtetemeka, shangazi. Akawa ananiomba nimwashie. Nikimwashia, navuta kidogo ili ishike." "Alipokufa, harufu yake ikawa imebaki kwenye sigara tu."

Katika sheria yote niliyoikariri hapakuwa na kifungu cha mtoto na baba yake.

Akaniomba nisimwambie mama. Nikamweleza kwamba nikinyamaza, kijana yule ataendelea kumuuzia, yeye na wenzake. Nikiripoti, shahidi ni yeye, na mzazi lazima ajue. Hakubishana. Alilia bila sauti, nami nikamkumbatia, mwepesi kama nguo iliyokauka kambani.

Wifi alitupokea mlangoni akitabasamu, anauliza kama tumekamata mtu. Sisimizi akajibanza nyuma yangu. Nilihisi paji la uso wake mgongoni.

"Wifi," nikasema, "tuingie ndani kwanza, ukae."