Mkanda wa Watu Wawili

Raphaeli, bwana shamba wa Kibaha, alikabidhiwa gari la idara, Pijo, mwaka 1979, na kilichompendeza zaidi ni mikanda yake ya usalama. Alimfundisha mkewe Kristina kuifunga, akamcheka kila aliposhtuka kishikizo kikilia.

Jumapili moja walikuwa wakitoka Chole, Kisarawe, kumjulia hali mama yake Raphaeli. Kiti cha nyuma kilijaa mihogo na magunia ya machungwa, kwa hiyo binti yao Yosefina, wa miaka minne, alipakatwa mbele na mama yake.

"Tupunguze mizigo," Kristina alisema. "Mtoto akae nyuma, afungwe mkanda wake."

"Nimrudishie mama mihogo aliyoichimba kwa mkono wake? Atanuna mwaka mzima. Mzungushie huohuo wako. Unawatosha wote wawili."

Kristina akauvuta mkanda, akaupitisha mbele ya tumbo la mwanawe, akaubana. Moyo wake ukatulia: hapo hata gari liruke vipi, mtoto hachomoki.

Mvua iliwakuta barabara ya Morogoro. Karibu na Kwa Mathias, lori bovu lilikuwa limesimama njiani, na matawi yaliyowekwa kutahadharisha madereva yameshasombwa na maji. Raphaeli alikanyaga breki. Gari likateleza, likajipigiza nyuma ya lori.

Kristina alirushwa mbele, kisha akajikuta amekaa palepale, mzima. Raphaeli alikuwa akivuja damu puani.

"Mama, tumbo," Yosefina alisema kwa sauti ndogo. Hakulia. Alikata roho kabla hawajafika hospitali.

"Kagonga kichwa," Raphaeli aliwaambia waliokuja msibani.

Kesho yake Kristina alishikilia kwamba atamwosha mwanawe mwenyewe. Shangazi yake, Redempta, alimshikia beseni. Kichwani hapakuwa na hata mkwaruzo. Lakini tumboni, ubavu hadi ubavu, ulikuwepo mstari mweusi wenye upana wa mkanda. Kristina akafunua nguo yake, akajitazama. Tumbo lake halikuwa na alama yoyote.

"Shangazi, ni mimi niliyemponda. Uzito wangu wote ulimwangukia kwenye mkanda."

"Nyamaza, mwanangu. Ni ajali."

Walipotoka makaburini alimkabili mumewe. "Ulijua?"

"Daktari aliniambia. Niliogopa ungejidhuru."

"Ulisema unatutosha."

"Nilisema."

"Na mimi nikafunga."

Hawakuachana, ila nyumba yao ilipoa. Kristina hakupanda tena lile gari.

Miezi ilipita. Siku moja, pale Kwa Mathias, alimwona jirani yake Mwanamkuu akipanda gari la shemeji yake Hemedi. Alikuwa amempakata mwanawe, na mkanda umewazunguka wote wawili. Kristina aliushika mlango.

"Mtoe mtoto humo, dada. Mpeleke nyuma, afungwe wake."

"Mama, unatuchelewesha," Hemedi alifoka.

Kristina hakuuachia mlango. Mbele ya wachuuzi na abiria, alimweleza Mwanamkuu alichokiona siku alipomwosha Yosefina, bila kuficha kitu. Mwanamkuu alishuka, akahamishia kapu lake kwenye buti, akamkalisha mtoto kiti cha nyuma.

Kristina ndiye aliyemfunga. Aliushusha mkanda kutoka tumboni, ukalala kwenye nyonga, akaukaza.

Gari lilipoondoka alikaa chini kando ya barabara, akalia kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakikumtoka.