Kahawa ya Kapteni Tierney

Marhoon alikuwa mkalimani katika kambi ya jeshi ya Bait al Falaj, Omani, na alikuwa amechoka kusema maneno ya watu wengine. Alasiri ile ya mwaka 1967 alikuwa na lake. Jua likiwa bado linaunguza, aliingia chumbani kwa Kapteni Tierney, Mwaustralia aliyekuwa akiandika askari wapya. Kapteni akammiminia kahawa. Marhoon akaipokea, akaiweka juu ya mkeka bila ya kuionja.

Mwarabu akija kwako na haja haionji kahawa yako mpaka umkubalie. Kapteni alishakaa Omani miaka, hakuhitaji kuelezwa. Akaketi naye chini kwa shida, maana vidole vya mguu mmoja baridi ilivikata huko Korea, katika vita vyake vya pili.

Haja yenyewe ilikuwa Suud. Marhoon na mkewe Masouda walijaaliwa wana wawili. Mkubwa aliuawa Unguja kwenye mapinduzi, na huyu mdogo ndiye waliyekimbia naye. Sasa keshakuwa kijana mzima, kazi hana, na kesho anakuja kuandikwa apelekwe vitani Dhofar. Marhoon akaomba akataliwe. Asingiziwe macho mabovu, kifua kibovu, chochote kile.

Kapteni akakitazama kikombe. "Nitamkataa," akasema. "Lakini usinywe bado."

Akaanza kusimulia kama mtu aliyechoka hata kujihurumia. Kwao walikuwa wafugaji wa kondoo. Vilipokuja vita vya Wajapani, mama yake alimwendea ofisa aliyeandika askari mjini kwao akamlilia, na ofisa akamkataa yeye Tierney, akamrudisha nyumbani. Kijana akapanda treni, akashuka asikojulikana, akajiandikisha kwa jina la uongo. Miaka mitatu alitambaa kwenye matope ya Papua, anatetemeka kwa homa, na mama hajui kama yu hai. Korea alikwenda kwa jina lake mwenyewe, lakini mama keshakufa zamani, hakuna wa kumpelekea salamu.

"Akiwa kwangu nitajua alipo," akasema. "Na wewe utajua. Nikimkataa, atakwenda wapi?"

Marhoon alikujua. Suud alishasema kwamba wakimkataa atatorokea Kuwait kama wenzake, na wenzake hakuna hata mmoja aliyerudi. Alimchukia Kapteni kwa kusema kweli. Hakuwa tena na nguvu za kubishana na dunia. Akanyanyua kikombe, akainywa kahawa iliyokwisha kupoa, na haja yake akaimeza pamoja nayo.

"Mwandike," akasema.

Alirudi nyumbani Matrah kwa miguu, polepole, akipanga maneno na kuyapangua. Masouda alikuwa mlangoni anamngoja. Hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Baba Suud, kahawa yake umeinywa?"

"Nimeinywa."

Masouda akasujudu pale pale. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka, na maneno yakamtoka mfululizo: leo atapika wali wa nazi, na mwezi ujao atakwenda kumposea Suud yule binti wa Bi Rahila. Marhoon alitaka kumkatiza. Wallahi alitaka. Akatazama uso wa mkewe, ambao tangu Unguja hajauona ukicheka, akainama kuvua viatu.

"Nnamwombea yule Mzungu," alisema Masouda, mikono kaiinua. "Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa kuniachia mwanangu."

Marhoon akaitikia amina.