Unga wa Maganda

Maganda ya mayai yalikuja kwa magunia kutoka mikahawani, yananuka hasa. Mama mmoja kibarua aliyaosha, akayaanika, akayasaga. Unga ule ulitiwa kwenye matangi ya majitaka ya kiwanda cha betri unyonye madini ya risasi, maji yasimwagwe na sumu yake. Ukishanyonya, ukageuka kijivu, ulitakiwa kuzikwa kwenye shimo la saruji. Shimo lenyewe lilijaa tangu mwaka juzi, na habari za kuchimba jingine meneja hakutaka hata kuzisikia.

"Mama, anika huo wa kijivu," meneja alimwambia. "Ukikauka, jaza kwenye magunia ya chakula cha kuku."

"Si ndio wenye sumu, bosi?"

"Umesomea sumu wewe? Hapo getini wapo kumi wanaoitaka kazi yako. Nikuitie mmoja?"

Akajaza. Jamani, angefanyaje? Mumewe alivunjika mgongo humohumo kiwandani, na fidia yake ndiyo hiyo kazi ya mkewe. Alishona magunia midomo siku tatu mfululizo, nafsi ikimsuta.

Mwezi haukuisha, dada yake akaja na trei ya mayai, uso umechanua. Nyuma yake alikuwa binti wa huyo dada, ana mimba ya miezi saba.

"Mdogo wangu, kuku wangu wanataga hao, acha tu! Nimepata unga wa maganda, bei ya kutupa. Wa kijivu hivi. Muuzaji kasema unatoka kwenu. Mbona hukuniambia, mchoyo wewe?"

Alijilazimisha kucheka. Binti alikuwa keshabandika kikaango, anapasua yai la tatu.

"Nesi kasema nile mayai kwa wingi, mama mdogo."

Akafungua kinywa aseme. Chumbani mumewe akaita aje amgeuze, ubavu unamuuma. Akaenda, akamgeuza, akarudi, na ujasiri ulikuwa umeshamtoka.

"Usile mengi, mwanangu," akasema. "Yanajaza gesi."

"Mwache ale bwana, mtoto apate mifupa!" dada yake akamkata.

Binti akamwekea na yeye sahani. Aliona haya kukataa, akaona haya zaidi kula. Akala yai lote, haraka, bila chumvi, macho kaikazia sahani.

"Gunia langu linakaribia kuisha," dada alisema. "Kesho niulizie kwa bosi wako, basi."

"Nitamwuliza," akajibu.