Vigingi vya Ukulele ya Sabra

Wiki hiyo Sabra, mwalimu wa chekechea, alikwenda mara nne kwa fundi Mwinjuma pale Bigwa, aliyekuwa anamtengenezea ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, na kila alipokwenda alikuwa na neno jipya. Jumatatu alitaka ubao wa shingoni mwa ukulele yake, ule ambao vidole hubania nyuzi juu yake, uwe wa mninga. Jumatano akataka mpingo. Alhamisi akarudi kwenye mninga. Ijumaa alikuja na mama yake, aliyesema naye anataka kukiona hicho kigitaa kinachomnyima mwanawe usingizi.

Wala si kigitaa kilichomnyima usingizi. Marehemu bibi yake, mzaa mama, aliacha shamba la kabichi kule Mgeta, na kwa Waluguru shamba la namna hiyo hufuata upande wa mama. Zamu ilikuwa ya Sabra. Ukoo ulimpa hadi Jumamosi aseme kama atahamia mlimani kulima, la sivyo apewe binamu yake. Sabra alitaka kwenda. Lakini mama miguu ilikuwa inamvimba, mlima hauwezi tena, na mtoto mwingine hakuwa naye. Basi Sabra akawa anahangaika na mbao.

"Fumba macho, pitisha kidole," fundi alimwambia, amemchoka.

Kwenye mninga kidole kilikwama kidogo. Mpingo ulikuwa wa baridi, kikateleza mpaka mwisho. Akarudia mara tatu.

"Mpingo. Sibadilishi tena."

"Alhamdulillahi! Haya, vya kukazia nyuzi. Kuna vigingi vya mti, vyepesi, vya kupendeza. Na hivi vya chuma, vyenye gia."

"Vya mti," alijibu haraka mno.

"Utakuwa unapigia wapi?"

"Kwani vipi?"

"Mti unakunywa maji, mwalimu. Hapa Bigwa havina neno. Vipeleke huko juu milimani kwenye ukungu, vitavimba vigande, hutavizungusha hata kwa koleo."

Sabra alimtupia mama jicho. Mama alikuwa anakigeuzageuza kigingi kimoja mkononi.

"Mimi nipo hapahapa. Weka vya mti." Sabra alidanganya.

Mama akakiweka kigingi mezani. "Fundi, mwekee vya chuma."

"Mama!"

"Mimi nimekulia kwenye ukungu ule. Unadhani sikuoni? Tangu arobaini ya bibi yako umenunua mabuti ya shamba, umeyaficha uvunguni."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Nitabaki na miguu yangu." Mama akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Ukikaa kwa ajili yangu, nitakuwa nakutazama kila siku umenuna. Hilo siliwezi."

Furaha na aibu vilimjia Sabra kwa pamoja, akaangua kilio mbele ya fundi bila hata kujifunika uso.

Mwinjuma akajifanya haoni. Alivuta vile vya chuma, akaanza kupima pa kutoboa kichwani mwa ukulele.

Mama akasogeza kigoda chake karibu na meza. "Usikimbize kazi, fundi," alisema taratibu. "Ikiisha tu, huyu anaondoka."