Kucha za Kubandika

Nianze na kucha, maana kila nikianza na mama naishia kulia na hakuna anayeelewa ninachosema.

Zilikuwa kumi, za kubandika, rangi ya zambarau, ndefu kiasi kwamba kufunga kifungo cha shati ilikuwa kazi ya dakika nzima. Nilibandikwa Jumatatu kwenye saluni iliyo nyuma ya maktaba, mimi na wasichana watatu wa kundi langu. Tulikuwa mwaka wa pili, tunasomea famasia, na Ijumaa kundi letu lilikuwa na mradi wa kuwasilisha mbele ya wahadhiri, kisha jioni sherehe. Wazo la kucha lilitoka kwa msichana niliyekuwa naye chumba kimoja. Kimoyomoyo nilimwita Redio, kwa sababu hazimwi.

"Kundi zima rangi moja," alisema. "Usiniambie na hili nalo hufanyi."

Hilo "na hili nalo" ndilo lililonimaliza. Mwaka mzima nilikuwa mtu wa hapana. Bia hapana, kuogelea hapana, soseji hapana, kukumbatiana na wavulana kwenye picha hapana. Halafu yale maswali. Unaulizwa kwenu wapi, unataja mtaa uliozaliwa, mtu anacheka: hapana bwana, kwenu kwenu. Kwetu kwetu mimi sijawahi kukanyaga. Wazazi wangu walitoka huko na mabegi mawili kabla sijazaliwa, na la tatu, la mila za huko, nimelibeba mimi mwenyewe hadi chuoni. Nilichoka, jamani. Nilitaka kitu kimoja tu cha kusema ndiyo.

Na isitoshe, nilikuwa kwenye siku zangu. Wenzangu wa Kiislamu watanielewa. Siku zile huswali, udhu huna haja nao, basi ndizo siku za kupaka rangi ya kucha. Zikiisha unaifuta, maana maji lazima yaguse ukucha. Ujanja huo tunaujua wote, hata mama aliujua, akiniona nimepaka anajua kalenda yangu imefika wapi. Nikajiambia, Jumatano nikitoharika nazing'oa.

Jumatano ikafika, siku zikaisha, kucha zikabaki. Zilibaki siku mbili tu kufika Ijumaa, na Redio alishatupanga mikono minane mezani akaipiga picha. Ningeanzaje kumwambia? Basi sikuoga josho la kujitoharisha, kwa kuwa lingekuwa bure, na sikuswali. Alhamisi mama akapiga simu kama kawaida yake.

"Umeswali?"

"Nimeswali, mama."

Hakuuliza mara ya pili. Mama hakuwa mtu wa kumpeleleza mtoto. "Haya mwanangu," akasema, "kesho kawashangaze." Sikusikia tena sauti yake. Neno la mwisho nililomwambia mama yangu lilikuwa uongo.

Sasa nimseme mama. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kutwa mashuka na mataulo, mikono yake ilinukia sabuni hata siku ya mapumziko. Lakini kazi yake hasa, ile isiyo na mshahara, ilikuwa kuosha maiti wa kike wa msikiti wetu. Watu wetu hapa ni wachache na wanaojua kuosha walikuwa wawili: yeye na Mama Mkubwa. Mama Mkubwa si ndugu wa damu. Walitoka sehemu moja na mama, wakakutana ugenini, nami nilipozaliwa nikamkuta na jina hilo.

Nilipotimiza miaka kumi na sita mama akaanza kunichukua. Chumba kiko nyuma ya msikiti, zamani kilikuwa gereji, na mfereji wa mafuta machafu ndio sasa unaopitisha maji. Kazi yangu ilikuwa kumimina. Jagi usiliinue juu, maji yasimpige. Mwili usikae wazi. Anza upande wa kulia. Njoo na udhu wako. Kucha ziwe fupi kabisa, kwa sababu ngozi ya maiti ni laini na ukiikwaruza haiponi tena. Hilo la mwisho alilisema kila mara, huku akinishika vidole kuvikagua, utafikiri nesi wa shule.

Tena aliongea nao. Kila aliyelala pale alimwita dada, hata yule bibi aliyemsengenya miaka kumi msikiti mzima ukajua. "Samahani dada, nakugeuza." "Samahani dada, maji haya yana baridi kidogo." Nilimuuliza kama wanasikia.

"Sijui," akasema. "Lakini ningekuwa mimi, ningependa kuambiwa."

Siku nyingine tulikuwa tunaanika aproni zetu kwenye roshani, akaniambia bila kunitazama, "Mimi unioshe wewe. Mkono wako naujua." Nikamwambia sawa, ila asubiri kwanza nimalize chuo. Akacheka, nikacheka, tukaendelea kuanika. Lakini niliahidi, na yeye alijua nimeahidi.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya wahadhiri, kucha zangu zinaonyesha jedwali ubaoni, na kila kitu kinakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Simu ikatetemeka mfukoni. Ikatetemeka tena. Nilipotoka mlangoni nikamkuta baba hewani, na baba hapigi simu. Mama alianguka mbele ya mashine ya kukaushia. Presha. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka, na daktari aliyekuwa akimtibu miaka yote akaandika cheti papo hapo. Watazika baada ya alasiri, baba akasema. Mama Mkubwa ananisubiri.

Redio alinipeleka kwa gari lake, saa mbili za barabara, na njia nzima hakusema neno. Tulipita maduka ya dawa yasiyohesabika. Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Najua kabisa ni kitu gani kinayeyusha ile gundi, najua na inachukua dakika ngapi. Sikukumbuka. Nililia tu hadi mlangoni, na hapo ndipo nilipokishika kitasa nikaiona mikono yangu.

Ndani walikuwa wawili. Mama Mkubwa alikuwa amekunja mikono ya gauni, macho mekundu. Mwingine alikuwa mke wa fundi umeme wa mtaa wetu, mwenyeji wa hapa, aliyesilimu mwaka uliopita. Alikuwa ameona kazi ile mara moja tu. Mama alikuwa juu ya meza, amefunikwa kitambaa cheupe.

"Pole mwanangu," Mama Mkubwa akasema. "Tumekungoja. Upande wa kulia ni wako."

Nikachukua glavu. Nilipoivuta ikatoboka vidoleni. Nikachukua nyingine, nayo ikatoboka. Ya tatu nikaivaa polepole, kwa adabu zote, na ukucha wa kidole gumba ukatokeza nje kama unanicheka. Mama Mkubwa akaja akaushika mkono wangu akautazama.

"Hizi zinatoka?"

"Zinatoka."

Nikaanza kuzivuta. Ya kwanza iligoma, nikaing'ata kwa meno, ikatoka na nusu ya ukucha wangu. Ya pili ikatoka na nyama. Sikusikia maumivu, niliona tu damu inashuka hadi kwenye kiwiko na nikashika ya tatu.

"Basi," Mama Mkubwa akasema. "Acha."

"Nitaweza."

"Unatoka damu, mwanangu. Hatuwezi kumwekea damu mama yako." Akachukua bandeji. "Na udhu unao?"

Nikainamisha kichwa. Mama Mkubwa ameniona tangu nikiwa kwenye nepi, hakuhitaji nimweleze. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, afadhali hata angenizaba kofi, ningekuwa na mtu wa kumkasirikia asiyekuwa mimi. Alinifunga vidole kwa bandeji, akanipa jagi.

"Maji nayo ni kumwosha," akasema, na sote wawili tulijua anaongea na mtoto.

Kule nje baba na wanaume walishakusanyika, makaburini muda umeshapangwa. Mama Mkubwa akamwita mke wa fundi umeme aje upande wa kulia. Yule mwanamke akatazama meza, akanitazama mimi.

"Mimi sijui vizuri. Nitakosea."

"Huyu atakuelekeza," Mama Mkubwa akasema. "Anajua kuliko sisi wote."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama miguuni kwa mama yangu na jagi mkononi nikamfundisha mgeni kumwosha. Anza na kiganja. Sasa kinywa, taratibu, pitisha kitambaa tu. Sasa mkono, hadi kwenye kiwiko. Alipoufunua mkono wa mama niliziona kucha zake. Alikuwa amezikata asubuhi ile, kama kila Ijumaa akimaliza kuswali alfajiri, fupi kabisa, sawasawa zote kumi.

Nilimimina chini chini, maji yasimpige. Ilipofika wakati wa kumlaza ubavu, Mama Mkubwa alikuwa analia kiasi kwamba hawezi kutoa sauti. Yule mwanamke akamshika mama bega na nyonga, akajiandaa kuvuta, kimya.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Usimgeuze kimya kimya. Ongea naye."

"Niseme nini mimi?"

"Sema, samahani dada, nakugeuza."

Akasema. Alisema kwa lafudhi yake ya hapa, neno moja moja, kwa heshima, siwezi kumlaumu hata kidogo. "Samahani dada, nakugeuza." Halafu akamgeuza, na aligeuza vizuri, na mama akalala ubavu kwenye mikono ambayo hakuwahi kuijua.

Baada ya maziko nilimkuta Redio amekaa ukingoni mwa barabara, nje ya msikiti, amejifunika sweta kichwani kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Alikuwa amekaa pale tangu tulipofika. Aliitazama bandeji akaniuliza, nami sikuwa tena na nguvu ya kudanganya mtu. Nikamwambia yote: siku zangu, josho, swala, ahadi, glavu. Alisikiliza hadi mwisho, huku amezificha kucha zake za zambarau kwenye mapaja.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema. "Si ungesema tu. Tungevaa hata soksi za rangi moja."

Soksi, wallahi. Nilikaa pale kando yake nikawaza kwamba jambo hilo mama angelicheka sana, na kwamba Alhamisi, wakati ananipigia simu, bado kulikuwa na muda wa kusema tu, na kuzing'oa.